Kupima homoni ya mifupa katika damu: Kwa nini namba moja haitoshi kumtibu mgonjwa

Mtoto mwenye matege, mwanamke aliyetundikiwa dripu ya madini chuma kwa sababu ya upungufu wa damu, na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huonekana kuwa watu watatu wenye matatizo matatu yasiyohusiana. Hata hivyo, utafiti wa miongo miwili iliyopita umeonesha kwamba katika damu ya wote watatu kuna protini moja inayoweza kueleza sehemu kubwa ya kinachowasibu. Protini hiyo ni homoni inayotengenezwa na mifupa, inayojulikana duniani kwa kifupisho cha FGF23.

Kipimo cha homoni hiyo kilianza kutumika katika maabara za utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo kipo katika mashine za maabara za hospitali kubwa za Japani, Ulaya na Marekani, na kinazidi kukaribia soko la nchi zinazoendelea. Kwa Tanzania, ambako upandikizaji wa kwanza wa figo ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata mwaka 2018, si jambo la mbali tena. Kadiri huduma za kibingwa zinavyopanuka, ndivyo madaktari wanavyohitaji vipimo vya kibingwa, na ndivyo wauzaji wa vitendanishi wanavyobisha hodi.

Swali la msingi kwa wasimamizi wa sekta ya afya si kama kipimo hicho ni cha kisasa. Swali ni kinapima nini hasa, majibu yake yanaweza kupotosha wapi, na ni mgonjwa yupi atakayefaidika nacho.

Mfupa si nguzo tu

Kwa muda mrefu mifupa ilichukuliwa kuwa nguzo za mwili na ghala la madini. Mwaka 2000 mtazamo huo ulibadilika. Watafiti waliokuwa wakichunguza familia zenye ugonjwa wa kurithi wa mifupa laini walibaini mabadiliko katika jeni moja ambayo haikuwa ikifahamika hapo awali. Jeni hiyo ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza FGF23. Mwaka uliofuata ilithibitika kwamba homoni hiyo hiyo humwagwa kwa wingi na aina fulani ya uvimbe mdogo, ambao humfanya mtu mzima aliyekuwa na afya njema apoteze nguvu, aumwe mifupa na kuvunjika mara kwa mara.

Kazi ya homoni hii ni kusimamia fosfeti, madini ambayo pamoja na kalsiamu huipa mifupa ugumu wake. Seli zilizomo ndani ya mfupa huitoa pale fosfeti inapozidi mwilini. Homoni husafiri kwa damu hadi kwenye figo, ambako hushirikiana na protini nyingine iitwayo Klotho, iliyogunduliwa Japani mwaka 1997. Hapo hufanya mambo mawili: huziamuru figo zitoe fosfeti zaidi kwenye mkojo, na hupunguza utengenezaji wa vitamini D iliyo tayari kwa kazi, ili utumbo nao upunguze kunyonya fosfeti kutoka kwenye chakula.

Mizani hiyo ikiharibika, madhara huonekana pande zote mbili. Homoni ikizidi kwa mtu mwenye figo nzima, fosfeti huvuja kwenye mkojo, na mifupa hubaki laini. Mtoto hupata matege, na mtu mzima hupata maumivu na mivunjiko. Figo zikishindwa kazi, homoni hupanda kwa sababu mifupa inaendelea kutuma amri kwa kiungo kisichoweza tena kuitekeleza.

Jinsi kipimo kinavyofanya kazi

Homoni huwa katika damu kwa kiasi kidogo mno, kinachohesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu, katika kila mililita. Haiwezekani kuiona kwa darubini wala kuipima kwa kemia ya kawaida. Njia inayotumika ni ile ya kingamwili, ambayo msingi wake uliwekwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 walipopima insulini. Yalow alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1971 wanasayansi wa Sweden, Eva Engvall na Peter Perlmann, walieleza njia ya ELISA, ambayo hutumia kimeng'enya kinachobadilisha rangi badala ya mionzi. Wataalamu wa maabara nchini wanaifahamu vyema njia hiyo kutokana na upimaji wa VVU na homa ya ini.

Kwa upande wa FGF23, kipimo hutumia kingamwili mbili. Ya kwanza imegandishwa kwenye kisima cha sahani ya plastiki, na kazi yake ni kuikamata homoni inapopita. Ya pili huja baadaye na kushika sehemu nyingine ya homoni hiyo hiyo, ikiwa imebeba kitu kinachotoa rangi au mwanga. Homoni ikiwa nyingi, rangi au mwanga huongezeka. Mashine husoma kiwango hicho na kukilinganisha na sampuli zenye kiasi kinachojulikana, kisha hutoa namba.

Utaratibu huo una sharti moja: namba itahesabu kile tu ambacho kingamwili zote mbili zimekishika. Mahali zinaposhika ndipo tofauti kubwa inapoanzia.

Vipimo viwili, majibu mawili

Homoni ya FGF23 ni mnyororo wa asidi amino 251 unapotengenezwa, na hubaki na 227 baada ya kipande cha mwanzo kuondolewa. Kabla ya kutoka kwenye seli, mwili unaweza kuukata mnyororo huo katika sehemu moja maalumu, kati ya asidi amino ya 179 na ya 180. Homoni iliyokatwa haifanyi tena kazi yake kwenye figo, ingawa vipande vyake huendelea kuzunguka katika damu.

Kutokana na hali hiyo, vipo vipimo vya aina mbili. Aina ya kwanza hupima homoni nzima pekee: kingamwili moja hushika upande mmoja wa sehemu ya kukatwa, na nyingine hushika upande wa pili. Mnyororo ukikatwa, hauhesabiwi. Majibu hutolewa kwa pikogramu kwa mililita. Aina ya pili hutumia kingamwili mbili zinazoshika upande wa mwisho tu wa mnyororo, unaoitwa ncha ya C. Kipimo hicho huhesabu homoni nzima pamoja na vipande vya mwisho, na majibu yake hutolewa kwa yuniti rejea kwa mililita.

Yuniti hizo mbili haziwezi kubadilishwa moja kuwa nyingine kwa hesabu rahisi, kama inavyowezekana kwa sukari ya damu kutoka miligramu kwenda milimoli. Zinahesabu vitu tofauti. Aidha, hata vipimo viwili vya homoni nzima kutoka kwa watengenezaji tofauti vinaweza kutoa namba tofauti kwa sampuli moja, kwa kuwa kila mtengenezaji ana kingamwili zake na sampuli zake za kulinganishia.

Kwa mfano, wataalamu wa Japani walionesha kwamba kwa mgonjwa mwenye fosfeti ndogo katika damu, kiwango cha homoni nzima kinachozidi pikogramu 30 kwa mililita huashiria kuwa homoni hiyo ndiyo chanzo cha tatizo. Mwongozo huo ulitokana na kipimo fulani mahususi. Daktari anayeuchukua na kuutumia kwa majibu ya kipimo cha ncha ya C, au kwa kitendanishi cha kampuni nyingine, anaweza kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana ugonjwa wa kurithi ilhali hana, au kumwambia hana ilhali anao.

Madini chuma yanapobadilisha picha

Mahali ambapo tofauti ya vipimo hivyo imedhihirika zaidi ni kwa watu wenye upungufu wa madini chuma, tatizo linalowagusa wanawake na watoto wengi wa Afrika Mashariki.

Upungufu wa madini chuma huichochea mifupa itengeneze homoni nyingi zaidi. Katika mwili wenye afya, homoni hiyo ya ziada hukatwa kabla ya kutoka, hivyo homoni nzima hubaki katika kiwango cha kawaida huku vipande vikijaa kwenye damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani uliwahusisha wanawake 55 waliokuwa na upungufu wa madini chuma kutokana na hedhi nzito. Kabla ya matibabu, kipimo cha ncha ya C kilionesha wastani wa yuniti takribani 808, ilhali kwa watu wazima wenye afya utafiti wa awali wa mwaka 2003 ulikuwa umepata wastani wa yuniti 55. Wakati huo huo, kipimo cha homoni nzima kwa wanawake hao hao kilisoma pikogramu 28.5, kiwango cha kawaida. Kipimo kimoja kilisema homoni imepanda mno, na kingine kilisema hakuna tatizo. Vyote viwili vilikuwa sahihi.

Ndani ya saa 24 baada ya wanawake hao kupewa madini chuma kwa mshipa, kiwango cha ncha ya C kilishuka kwa takribani asilimia 80. Lakini kwa waliopewa dawa ya aina ya feri kaboksimaltosi, homoni nzima ilipanda kwa muda, na fosfeti katika damu ikashuka. Dawa hiyo hurejesha madini chuma kwa haraka, lakini wakati huo huo huzuia homoni isikatwe.

Majaribio mawili makubwa zaidi, yaliyochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha jumla ya wagonjwa 245, yalithibitisha jambo hilo. Katika jaribio la kwanza, asilimia 75.0 ya waliopewa feri kaboksimaltosi walipata upungufu wa fosfeti, ikilinganishwa na asilimia 7.9 ya waliopewa aina nyingine ya madini chuma ya mshipa. Katika jaribio la pili, viwango vilikuwa asilimia 73.7 na 8.0. Kwa wagonjwa wengi upungufu huo hupita bila dalili. Kwa wale wanaopewa dawa hiyo mara kwa mara, taarifa za kitabibu zimeeleza udhaifu wa misuli, maumivu na mifupa kulainika.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa ukanda huu. Nchini Malawi, jaribio lililochapishwa mwaka 2023 lilipima matumizi ya dozi moja ya dawa hiyo kwa wajawazito 862 wenye upungufu wa damu. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa awali wa vidonge vya miligramu 60 za madini chuma kwa wajawazito 470 ulifuatiwa na uchambuzi wa sampuli zao uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulionesha kuwa akina mama waliopewa madini chuma walikuwa na kiwango cha chini zaidi katika kipimo cha ncha ya C walipojifungua. Nchi zikianza kutumia madini chuma ya mshipa kwa upana, kliniki za wajawazito zitahitaji kujua ni dawa ipi inatumika, nani amerudiwa dozi, na lini kipimo cha fosfeti kinahitajika. Kipimo cha fosfeti ni cha bei nafuu, na ndicho kinachopaswa kutangulia.

Matege na sababu zake nyingi

Eneo la pili ni la watoto wenye miguu iliyopinda. Nchini Gambia, watafiti wa kituo cha Keneba walichunguza watoto wenye matege ambao, kinyume na matarajio, hawakuwa na upungufu wa vitamini D. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilieleza kuwa kiwango cha FGF23 kilikuwa juu. Chakula cha watoto wa eneo hilo kilikuwa na kalsiamu kidogo sana, takribani miligramu 200 hadi 300 kwa siku. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba uhaba wa kalsiamu huvuruga homoni nyingine, fosfeti huvuja na mifupa hulainika.

Miaka michache baadaye, kundi hilo hilo la watafiti lilibaini kwamba kadiri wekundu wa damu ulivyokuwa mdogo, ndivyo kipimo cha ncha ya C kilivyosoma juu zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu ya kilichoonekana kuwa wingi wa homoni ilihusiana na hali ya madini chuma ya mtoto. Mwaka 2014 walichapisha ulinganisho wa vipimo vyote viwili kwa watoto wa Gambia. Mfano huo unaonesha jinsi sayansi inavyojisahihisha, na jinsi kipimo kimoja kisichoambatana na kingine kinavyoweza kuwapa hata wataalamu picha nusu.

Nchini Nigeria, utafiti wa mwaka 1999 kwa watoto 123 wenye matege ulionesha kuwa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, iliwasaidia zaidi kuliko vitamini D peke yake. Hilo ni somo muhimu kwa mataifa ya kitropiki, ambako jua lipo lakini maziwa na dagaa havifiki kwenye kila sahani.

Kwa Tanzania kuna sababu nyingine isiyoweza kupuuzwa. Katika maeneo ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maji ya baadhi ya vyanzo yana madini ya floraidi yanayozidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo hubadilisha rangi ya meno na, inapozidi kwa miaka mingi, huharibu mifupa na kupinda miguu ya watoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto wilayani Arumeru kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi hiyo. Mtoto anayetoka eneo hilo na kufikishwa kliniki akiwa na matege anahitaji kwanza kuulizwa maji anayokunywa, kabla ya kutolewa damu kwa ajili ya homoni.

Hata hivyo, miongoni mwa watoto hao wamo wachache wenye ugonjwa wa kurithi unaotokana na jeni ya PHEX iliyopo kwenye kromosomu ya X. Ugonjwa huo hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 20,000 wanaozaliwa. Homoni nzima hupanda kwa watoto hao, na vitamini D ya kawaida haiwaponyi. Wapo wanaopewa vidonge kwa miaka mingi, huku wazazi wakilaumiwa kwa lishe duni na miguu ikiendelea kupinda. Kwa mtoto wa namna hiyo, kipimo sahihi humaliza lawama na kufungua njia ya matibabu yanayofaa. Tangu mwaka 2018 ipo dawa ya kingamwili, burosumabu, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani, inayoishika homoni hiyo na kuizuia. Bei yake bado ni kubwa mno kwa mifuko mingi ya bima, lakini matibabu ya zamani ya fosfeti pamoja na vitamini D iliyo tayari kwa kazi yanaweza kutolewa iwapo ugonjwa umetambuliwa mapema.

Ikumbukwe pia kwamba mgonjwa aliyeanza kutumia burosumabu hafai kufuatiliwa kwa kipimo cha FGF23. Dawa hushikamana na homoni na kuibakiza kwenye damu, hivyo namba hupanda ilhali mgonjwa anapata nafuu. Kinachofuatiliwa ni fosfeti.

Wagonjwa wa figo

Eneo la tatu ni magonjwa sugu ya figo. Utafiti wa kijamii uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa asilimia 7.0 ya watu wazima walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, mjini ikiwa asilimia 15.2 na vijijini asilimia 2.0. Wengi wa watu wa kundi hilo duniani kote hawajui hali yao hadi figo zimeharibika kwa kiasi kikubwa.

Katika ugonjwa huo FGF23 hupanda mapema, kabla fosfeti haijaonekana kuzidi katika damu. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011 kwa wagonjwa 3,879 ulihusisha viwango vya juu vya homoni hiyo na hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kabisa na ya kifo. Mwaka huo huo, watafiti walieleza kuwa homoni inaweza kuchangia kunenepa kwa misuli ya chumba cha kushoto cha moyo.

Matokeo hayo yaliamsha hamu ya kuitumia namba hiyo kama onyo la mapema. Lakini kuna tofauti kati ya dalili ya hatari na kitu ambacho daktari anaweza kukitibu. Mwaka 2012 jaribio la panya wenye ugonjwa wa figo lilionesha kuwa kuizuia homoni hiyo kabisa kuliwaongezea panya hao madini kwenye mishipa mikubwa ya damu na vifo. Homoni iliyoonekana kuwa adui ilikuwa pia inajaribu kuulinda mwili dhidi ya fosfeti.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2017 kuhusu madini na mifupa kwa wagonjwa wa figo unasisitiza kufuatilia kalsiamu, fosfeti, homoni ya parathairoidi na kimeng'enya cha fosfatezi alkalini. FGF23 haimo katika orodha hiyo ya ufuatiliaji wa kawaida. Hospitali inayosafisha damu wagonjwa na ambayo bado haipati majibu ya fosfeti kwa wakati haina sababu ya kuanza na homoni.

Kosa huanza kabla ya mashine

Ubora wa majibu hautegemei mashine pekee. Homoni nzima huweza kuharibika baada ya damu kutolewa. Sampuli inayopendekezwa zaidi ni ile inayochukuliwa kwenye chupa yenye dawa ya EDTA, ambayo wauguzi huitambua kwa kifuniko chake cha zambarau, kisha plazma hutenganishwa mapema na kugandishwa. Sampuli iliyokaa mezani mchana kutwa katika joto la Pwani, au iliyosafirishwa kwa basi bila barafu, inaweza kutoa namba ya chini isiyo ya kweli. Muda wa kuchukua damu nao una uzito, kwani kiwango cha homoni nzima hubadilika ndani ya siku moja.

Yapo pia matatizo ya kingamwili zenyewe. Kiwango cha homoni kikiwa kikubwa kupita kiasi, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wanaosafishwa damu, kingamwili zinaweza kuzidiwa na kipimo kikasoma chini. Maabara hukabiliana na hali hiyo kwa kuzimua sampuli na kupima upya. Baadhi ya watu wana kingamwili katika damu zao zinazounganisha kingamwili za kipimo hata kama homoni haipo. Vilevile, vidonge vya vitamini ya biotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, vinaweza kuvuruga vipimo vinavyotegemea biotini katika utendaji wake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu suala hilo mwaka 2017.

Kosa jingine ni la karatasi ya majibu. Watoto wadogo wana fosfeti nyingi kuliko watu wazima. Maabara inayochapa kiwango cha kawaida cha watu wazima kwa kila mgonjwa itaandika "kawaida" kwenye majibu ya mtoto ambaye fosfeti yake iko chini. Mtoto huyo atarudishwa nyumbani, na hakuna kipimo cha homoni kitakachoagizwa, kwa sababu mlango wa kwanza ulifungwa kimakosa.

Mambo ya kuzingatiwa

Kutokana na maelezo hayo, mpangilio wa uchunguzi unapaswa kuanzia chini kwenda juu. Kituo kinachompokea mtoto mwenye matege au mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa kianze na historia ya chakula na maji, picha ya eksirei, na vipimo vya kalsiamu, fosfeti, kreatinini na fosfatezi alkalini, vikilinganishwa na viwango vya umri wa mgonjwa. Fosfeti ikithibitika kuwa chini, mkojo upimwe ili kujua kama figo ndizo zinazoivujisha. Ni katika hatua hiyo tu FGF23 inapata maana, na inapopimwa ni vyema hali ya madini chuma ipimwe pamoja nayo.

Upimaji wenyewe haulazimiki kuwa katika kila mkoa. Idadi ya wagonjwa wanaohitaji kipimo hiki ni ndogo, na sahani moja ya ELISA ina visima 96. Maabara itakayofungua sahani kwa ajili ya mgonjwa mmoja itatupa fedha, na ile itakayosubiri sampuli zijae itamchelewesha mgonjwa. Njia yenye tija ni kuwa na maabara moja au mbili za rufaa zenye mfumo wa kupokea sampuli zilizogandishwa kutoka hospitali za kanda, zenye ithibati ya kiwango cha ISO 15189 na zinazoshiriki ulinganishaji wa majibu na maabara za nje. Nchi za Afrika Mashariki zina uzoefu wa utaratibu wa namna hiyo katika vipimo vya wingi wa virusi vya UKIMWI.

Wanaonunua vitendanishi nao wana wajibu wa kuuliza maswali matatu kabla ya kusaini mkataba: kipimo kinahesabu homoni nzima au ncha ya C, viwango vya kawaida vilivyoandikwa vilitokana na watu gani, na mtengenezaji akibadilisha toleo, majibu ya zamani ya mgonjwa yatalinganishwaje na mapya? Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina jukumu la kudhibiti ubora wa vitendanishi, lakini uamuzi kuhusu ni kipimo gani kinamfaa mgonjwa gani hubaki kwa wataalamu wa hospitali.

Suala hilo lina sura ya fedha pia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila kipimo kitakacholipiwa kupitia mfumo huo kitakuwa kinalipiwa na wananchi wote. Kipimo cha FGF23 kikiagizwa kiholela kwa kila mwenye maumivu ya mifupa, kitakula fedha ambazo zingetosha kupima fosfeti na wekundu wa damu kwa watu wengi. Kikiagizwa kwa mpangilio, kitamtambua mgonjwa mwenye uvimbe mdogo ambao ukiondolewa kwa upasuaji maumivu ya miaka mingi huisha, na kitamtofautisha mtoto anayehitaji kalsiamu na yule anayehitaji matibabu ya maisha.

Kila jibu la kipimo hiki linapaswa kumfikia daktari likiwa na jina la njia iliyotumika, yuniti zake, muda sampuli ilipochukuliwa na aina ya chupa. Bila taarifa hizo, daktari wa kituo kingine atakayempokea mgonjwa huyo miezi sita baadaye hatakuwa na namna ya kujua kama homoni imeshuka kwa sababu ya tiba au kwa sababu maabara imebadilisha kitendanishi.